Mashine ya kamera imekufa? Usikubali diski ifutwe

Juma hili sitaandika juu ya bei ya unga wala kutengeneza sabuni. Nataka kuwaeleza jambo lililotupata nyumbani kwangu mwezi wa tatu. Tangu habari isambae nimeulizwa sokoni, kwenye bomba la maji na hata matangani: "Mama, ile mashine yenu ya kamera iliyokufa, mliifufua namna gani?" Nitawajibu wote hapa mara moja. Lakini siwezi kueleza mashine bila kueleza kwanza kwa nini tulihangaika nayo hivyo.

SANDUKU LILIPOPUNGUA

Kikundi chetu cha akiba kinakutana kwenye baraza langu kila Jumamosi mchana. Ni AVEC kama zile zenu: sanduku moja la chuma, kufuli tatu, wamama watatu wenye funguo, na mama wa nne anayelitunza sanduku bila kuwa na ufunguo wowote. Utaratibu huu ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, ukaenea katika nchi nyingi za Afrika. Nguvu yake ni moja: hakuna mtu anayeweza kufungua peke yake. Mtunza sanduku ni mimi. Linakaa chumbani kwangu, chini ya kitanda.

Jumamosi hiyo tulipofungua na kuhesabu, dola 280 hazikuwamo. Tukahesabu mara ya pili, mara ya tatu. Hazikuwamo. Zilikuwa ni deni alilolipa mama mmoja muuza ndagala juma lililotangulia, mbele yetu sote, ndani ya bahasha ya kaki. Daftari lilisema amelipa. Sanduku lilisema hapana. Na bawaba moja ya sanduku ilikuwa imelegea.

Mnajua watu tulivyo. Macho yakahamia kwa binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Ana miaka 19, ametoka upande wa Fizi, na ndiye anayefagia chumba kile kila asubuhi. Hakuna aliyetaja jina lake. Ila mama mmoja aliuliza, "Humu ndani ni nani na nani wanaingia chumbani kwako?" Binti alikuwa anatuletea chai. Akaweka sinia mezani, akarudi jikoni bila kusema neno. Usiku nikamkuta anakunja nguo zake ndani ya mfuko.

Nikamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu. Kuna kamera."

Kamera tuliwekewa na shemeji yangu anayefanya biashara Bujumbura, baada ya wezi kuruka ukuta wetu. Ziko nne: moja langoni, moja uani, moja kwenye baraza, na moja kwenye koridori inayotazama milango ya vyumba. Zote zinapeleka picha kwenye mashine ndogo ya kurekodi, ukubwa wake kama kitabu kikubwa, iliyo juu ya kabati. Mashine yetu inatunza picha za siku kumi na mbili hivi, kisha inaanza kuandika mpya juu ya zile za zamani. Bahasha ililipwa siku saba nyuma. Kwa hiyo picha zilikuwamo bado.

Kijana wangu akachukua simu ili azitafute. Kwenye simu ukatokea ujumbe kwamba kuna toleo jipya la programu ya mashine, bonyeza hapa. Akabonyeza, akidhani ndiyo njia ya kuona picha. Hesabu ikapanda: asilimia 10, 20, 40. Hapo umeme ukakatika.

Uliporudi, mashine haikuwa mashine tena. Taa inawaka, televisheni inaonyesha nembo ya kampuni, inazima, inaonyesha tena, inazima. Ikawa hivyo usiku kucha. Binti alisimama mlangoni akaangalia pamoja nasi, kisha akaenda kulala. Mimi sikulala.

JIKO NA GHALA

Kesho yake ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mama mwenye kamera alijue. Mashine ya kurekodi ina kumbukumbu mbili, na hazihusiani sana.

Ya kwanza ni kichipu kidogo kilichobandikwa kwenye kadi ya umeme ndani ya mashine. Hapo ndipo inapokaa programu ya ndani, ile mafundi wanayoiita femiwea. Ndiyo inayoifundisha mashine kuamka, kuzitambua kamera, kuonyesha picha na kusikiliza rimoti. Hicho ndicho kinachoandikwa upya wakati wa kusasisha. Umeme ukikatika katikati, nusu ni ya zamani, nusu ni mpya, na mashine haijui ishike ipi.

Ya pili ni diski, kisanduku kizito cha chuma kama kipande kinene cha sabuni, kilichofungwa kwa skrubu ndani ya mashine. Picha zote ziko huko. Kusasisha programu ya ndani hakuigusi diski.

Chukueni mfano wa nyumbani. Jiko limeungua, lakini ghala la unga liko upande wa pili wa ua, mlango umefungwa, unga uko salama. Shida ni kwamba hatuna mahali pa kupikia. Tena, kwa kuwa mashine imekufa, hairekodi tena, kwa hiyo haiwezi kuandika picha mpya juu ya zile tunazozitafuta. Siku tunazopoteza hazituli. Hatari si mashine kukaa imekufa. Hatari ni fundi mwenye haraka.

MAFUNDI WAWILI WA KWANZA

Fundi wa kwanza aliangalia dakika mbili akasema, "Mama, hii ni kufuta diski tu, itaamka." Nikamwuliza, "Ukifuta, picha zitabaki?" Akacheka. Nikachukua mashine yangu nikaondoka.

Wa pili alikuwa na roho nzuri. Alitaka kuniuzia mashine mpya ya kampuni nyingine, tuhamishie diski humo. Kidogo nikubali. Lakini kijana wangu alimwuliza swali moja: mashine mpya itaisoma diski hii? Ukweli ni kwamba mara nyingi haiisomi. Kila kampuni inapanga picha kwenye diski kwa namna yake. Mashine ya kampuni nyingine ikiona diski ngeni itasema kwamba diski haijatayarishwa, je, niitayarishe? Ukijibu ndiyo, umefuta kila kitu. Hata kompyuta ya kawaida ni hivyo hivyo: ukiiunganisha na diski hiyo, itakuomba uiandae upya kwa sababu haiutambui mpangilio wake. Jibu ni hapana, hata ikiuliza mara kumi.

Wa tatu alikuwa kijana anayetengeneza simu na redio karibu na soko. Hakuanza na mashine. Alianza kwa kuuliza: "Mama, unataka mashine au unataka picha?" Nikasema picha. Akasema, "Basi tunaanza na diski."

ALIVYOIFUFUA, HATUA KWA HATUA

Ninaandika kama alivyonieleza, kwa sababu nilimwomba aseme polepole nami niandike.

Kwanza, alichomoa waya wa umeme, akafungua skrubu, akaitoa diski. Akabandika karatasi yenye jina langu na tarehe, akaifunga kwenye kitambaa, akanipa mimi niitunze. "Sasa hata nikiharibu mashine, picha zako ziko mikononi mwako."

Pili, aliiwasha mashine bila diski na bila kamera. Hii ni kwa sababu mara nyingine mashine inayojiwasha na kujizima haina ugonjwa wa programu. Huenda chaja yake imechoka na haitoi tena volti 12 sawasawa, au diski yenyewe ni mbovu inavuta umeme mwingi. Akapima chaja kwa kipimo chake: nzima. Mashine ikaendelea kuonyesha nembo na kuzima. Basi, programu ndiyo iliyoharibika.

Tatu, aligeuza mashine akasoma karatasi ya chini: jina kamili la modeli na namba zote zinazofuata. Akaandika herufi kwa herufi. Mashine mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani, na programu ya moja ikiua nyingine, kuifufua ni kazi kubwa zaidi. Kama kwenye karatasi kuna herufi moja ya ziada mwishoni, herufi hiyo ina maana yake.

Nne, alitafuta faili la programu la modeli ileile kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza mashine. Hakuchukua lile ambalo rafiki alimtumia kwa simu. Lilipomaliza kushuka, alilinganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa kwenye ukurasa. Kwa intaneti yetu, faili linaweza kukatika likafika nusu, na nusu faili ni ugonjwa uleule ulioiua mashine.

Tano, alitayarisha flashi ndogo. Aliifuta, akaipa mpangilio wa FAT32, ambao mashine nyingi za namna hii zinauelewa, akaweka faili moja tu, pale mwanzoni, si ndani ya folda. Kampuni nyingine zinataka faili liwe na jina maalumu; lazima kusoma maelezo yao.

Hapa alinieleza kitu kizuri. Ndani ya kile kichipu kuna programu nyingine ndogo kabisa, ambayo kwa kawaida kusasisha hakuigusi. Kazi yake ni kuamka kwanza, kabla ya kila kitu, na kuiita programu kubwa. Ni kama mama mkwe anayeamka alfajiri kuamsha nyumba nzima. Kama programu kubwa haiitiki, katika mashine nyingi ile ndogo inatazama kama kuna msaada kutoka nje, kwenye flashi au kwenye kebo ya intaneti. Nembo ilipokuwa inaonekana kwenye televisheni, ilikuwa ni dalili kwamba mama mkwe bado yu hai.

Sita, alichomeka flashi, akawasha mashine, tukangoja. Dakika kumi. Hakuna. Akajaribu tundu la pili la flashi. Hakuna. Modeli yetu haikusikiliza flashi.

Saba, akaingia njia ya kebo. Aliunganisha kompyuta yake na mashine kwa kebo ya intaneti moja kwa moja, bila kupitia ruta. Akaipa kompyuta anwani ambayo mashine inaitafuta inapoamka ikiwa mgonjwa. Anwani hiyo hutofautiana kampuni kwa kampuni. Ya kwetu ilikuwa 192.0.0.128. Akafungua kwenye kompyuta programu ndogo ya kugawa faili inayoitwa TFTP, akaweka faili ndani yake, akazima kwa muda ulinzi wa kompyuta ambao huwa unazuia wageni. Kisha, mwisho kabisa, akawasha mashine. Kwenye kompyuta ukatokea mstari mmoja: mashine imeomba faili. Mistari ikaendelea kutiririka.

"Sasa mtu yeyote asiguse kitu," akasema. Safari hii tulikuwa tumeunganisha mashine na kompyuta kwenye betri ya akiba, hatukutegemea umeme wa ukutani. Baada ya dakika chache mashine ilijizima, ikajiwasha, nembo ikaja, na nyuma ya nembo tukaona dirisha la kuomba neno la siri jipya. Nilipiga kigelegele pale dukani, watu wakageuka.

Alinieleza pia kwamba kama hata kebo ingeshindikana, kuna njia ya tatu: kufungua kadi, kuunganisha nyaya kwenye pini ndogo za ndani, au kukitoa kichipu na kukiandika kwa kifaa maalumu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu, na kabla ya kuandika lazima anakili kwanza kilichomo. Msimruhusu mtu aanze nayo.

KUIRUDISHA DISKI KWA UANGALIFU

Mimi nilitaka diski irudi saa ileile. Kijana akakataa. Mashine iliyofufuka imesahau kila kitu, akasema, hata saa. Na kweli: kwenye televisheni iliandika kwamba tuko mwaka 2000. Akarekebisha tarehe na saa. Akaingia kwenye mipangilio ya diski akazima ile ya kuandika juu ya picha za zamani. Akaacha nyaya zote za kamera zikiwa zimechomolewa, ili mashine isiwe na kitu cha kurekodi. Ndipo akaizima, akarudisha diski, akawasha.

Mashine iliitambua diski bila kuuliza swali lolote. Hilo ndilo tulilokuwa tunaliomba. Ingeuliza kuitayarisha, tungejibu hapana, tukazima na kufikiri upya.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kutazama. Tulinakili siku ile nzima ya kikao kwenye flashi mbili. Moja nikaiweka mimi, nyingine akaishika mama mwenyekiti. Sikutaka kesho mtu aseme mtunza sanduku amechagua picha anazozipenda.

TULICHOKIONA

Jioni tulikaa watu saba mbele ya televisheni: wamama watatu wenye funguo, mwenyekiti, mwandishi, mimi, na binti. Nilisisitiza naye akae, kwenye kiti, si kwenye mkeka karibu na mlango.

Tulianza na koridori. Kumbukeni hili: kamera inaona mlango, haioni mkono. Binti anaonekana kila asubuhi akiingia na ufagio, akitoka na takataka. Mimi pia naonekana, watoto wangu pia. Picha hizo hazikumsafisha mtu wala kumtia mtu hatiani. Mama mmoja alianza kuguna. Nikasema, tuangalie kikao chenyewe.

Kamera ya baraza ilionyesha yote. Mama muuza ndagala anatoa bahasha. Mwandishi anahesabu, anaandika. Siku hiyo alikuwa ameleta madaftari mawili, lile la sasa na lile la mzunguko uliopita, kwa sababu tulikuwa tunalinganisha hesabu kabla ya kugawana. Saa ya mashine inasema 16:52, yaani saa kumi na dakika hamsini na mbili alasiri kwa saa zetu. Upepo wa ziwani unapiga, vitambaa vinaruka, mvua inaanza kuingia barazani. Sote tunasimama. Mwandishi anaichomeka bahasha ndani ya daftari ili isilowe, analifunga, anachukua madaftari yote mawili anayatia kwenye mfuko wa plastiki. Wenye funguo wanafunga sanduku haraka haraka. Mimi nalibeba ndani.

Mwandishi akashika kichwa. "Ni lile la zamani," akasema. "Lile la zamani nililiweka kwenye koli langu. Sijalifungua tena."

Usiku huohuo tulichukua pikipiki mbili mpaka Kalundu. Koli likafunguliwa, daftari likatolewa, bahasha ikaanguka sakafuni. Dola 280, hazijapungua hata moja. Na bawaba ya sanduku? Ilikuwa imezeeka tu. Skrubu zake zimeliwa na kutu.

Mwandishi si mwizi, na hatukumfanya kitu. Kosa lilikuwa letu sote. Sheria ya kikundi inasema kabla ya kufunga sanduku tunahesabu kwa sauti na kila mtu anashika idadi kichwani. Siku ile tulikimbia mvua, tukafunga bila kuhesabu. Tungehesabu, tusingehitaji kamera wala fundi.

Jumamosi iliyofuata tulimwomba binti msamaha, mbele ya wanachama wote, kwa sababu tulimshuku mbele ya wote. Yule mama aliyeuliza swali ndiye aliyeanza. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, nimesamehe. Lakini siku nyingine niulizeni mimi kabla ya kuuliza kamera." Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile.

UMEME WETU NA MASHINE ZETU

Wamama, umeme wa Uvira unatoka mbali. Unazalishwa kwenye mitambo ya mto Ruzizi upande wa Bukavu: Ruzizi I ya tangu enzi za ukoloni, na Ruzizi II iliyoanza kazi mwaka 1989, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi wanashirikiana. Waya unashuka bonde lote, Kamanyola, Sange, Kiliba, mpaka kwetu. Katika safari ndefu hivyo yapo mengi ya kuukata. Anayesasisha mashine kwa umeme wa ukutani peke yake anacheza bahati nasibu. Basi:

Usisasishe kitu chochote bila betri ya akiba, ile mafundi wetu wanaiita onduleri. Mashine ya kamera inatumia umeme kidogo. Hata betri ndogo inaishikilia kwa muda unaohitajika.

Usisasishe wakati kuna picha unayoihitaji. Kwanza nakili picha kwenye flashi, halafu fikiria mambo ya toleo jipya.

Usisasishe wakati wa mvua na radi, wala usiku ambapo hakuna wa kumpigia simu.

Ikishaanza, usichomoe kitu, hata ukiona imesimama. Ngoja nusu saa nzima.

Weka mashine juu, mbali na maji. Walioona mto Mulongwe ulivyoingia majumbani mwezi wa nne mwaka 2020 hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Andika modeli ya mashine na neno lake la siri kwenye karatasi, uiweke pamoja na vyeti vya watoto. Yule aliyekuwekea kamera akihama, utabaki na nini?

JE, TUSISASISHE KABISA?

Hapana, sisemi hivyo. Mwaka 2016 kirusi kimoja kinachoitwa Mirai kiliingia katika kamera na mashine za kurekodi nyingi sana duniani, hasa zile zilizoachwa na neno la siri la kiwandani. Wahalifu walizitumia zote kwa pamoja, na mwezi wa kumi mwaka huo wakaangusha kwa saa kadhaa kurasa kubwa za intaneti Marekani. Wenye kamera hawakujua kitu. Kumbe kamera ya uani kwako inaweza kutumwa kazi na mtu asiyekujua. Kusasisha kunaziba matundu kama hayo. Lakini hatua ya kwanza haihitaji fundi: badilisha neno la siri lililokuja na mashine. Wala lisiwe 123456, wala jina la mtoto wako wa kwanza ambalo mtaa mzima unakuitia.

KAMERA NI YA LANGO, SI YA WATU

Neno la mwisho. Kamera isitazame ua wa jirani. Isiwe chumbani, isiwe bafuni, isiwe anapolala binti wa kazi. Anayeishi nyumbani kwako aambiwe iko wapi na inaona nini. Picha za watoto zisitumwe kwenye simu za watu. Na jambo likitokea, watazamaji wawe wengi, yule anayeshukiwa akiwamo.

Sisi tumenunua bawaba mpya za sanduku, na daftari la zamani haliletwi tena kikaoni. Mvua ikija, tunahesabu kwanza, tunalowa, halafu tunakimbia.

Mwenye swali juu ya mashine yake alete namba ya modeli iliyoandikwa chini yake, Jumamosi baada ya kikao. Kijana fundi amekubali kupita. Na yeyote ambaye mashine yake imekufa juma hili: chomoa waya, toa diski, ifunge kwenye kitambaa, uiweke mahali pakavu. Mengine yatangoja.